Mwaka Nilioandika Kwamba Mama Sekela Amekufa

Mama Sekela alifariki mapema mwaka huu, kwao Ileje, kwa presha iliyokuwa imemsumbua muda mrefu. Taarifa niliipata kwa simu nikiwa dukani kwangu Vwawa, namtolea mteja nakala za cheti cha kuzaliwa. Nilimkabidhi karatasi zake, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti nikiwa bado nimeshika ufunguo. Sikulia. Kilichonijia kilikuwa aibu zaidi kuliko msiba, kwa sababu mwanamke huyu niliwahi kumtangaza kuwa amekufa, kwa maandishi, miaka mingi kabla Mungu hajamchukua, na nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nilikwenda kumzika. Nilikaa nyuma ya nyumba pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya viazi, kwenye baridi ile ya milimani inayopenya hadi magotini, na Sekela mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wawili, akaniletea sahani ya wali na maharage. Akasema, "Kula, dada Enesi, umetoka mbali." Nilikula mpaka nikamaliza, kwa sababu kuacha chakula kungekuwa kama kuomba nibembelezwe mimi, kwenye msiba ambao haukuwa wangu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mkoa wetu ulikuwa bado haujakatwa kutoka Mbeya, na kazi yangu ilikuwa kuchapa barua kwenye stesheneri moja pale Tunduma, karibu na barabara iendayo mpakani. Chumba kilikuwa chembamba, kina kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi iliyokuwa ikichemka mpaka tunaipepea kwa daftari, na dirisha la nondo lililohitaji kufutwa kila asubuhi kwa sababu ya vumbi la malori. Foleni ya malori ilianzia mpakani ikaenda mpaka macho yanachoka. Madereva walikuwa wanalala humo siku tatu, siku nne, wengine wiki nzima, wakingoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo, na nusu ya mji ilikuwa inakula kutokana na kungoja kwao. Mimi mchana nilikula kwa Mama Sekela, ambaye alikuwa na kibanda cha mabati na mabenchi mawili kando ya maegesho. Alipika ugali, maharage, dagaa na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Madereva wa ng'ambo aliwasalimia kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," nao wakacheka kwa namna alivyoivuta ile salamu kwa lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao, na yeye akaacha wacheke huku anapakua.

Mtu aliyeniingiza kwenye jambo hili anaitwa Kocha Daudi. Kwa kazi ya kumpa kula alikuwa mbebaji kwenye ghala la mahindi, lakini ujana wake aliupitisha jeshini, na huko ndiko alikojifunza jimnastiki. Kila jioni, nyuma ya ghala, aliwafundisha watoto kumi na wanne kuruka samasoti, kusimama kwa mikono na kujenga minara ya watu, juu ya viroba alivyovijaza pumba za mpunga na kuvishona mwenyewe. Mmoja wa watoto hao alikuwa Sekela, mwenye miaka kumi na mitatu, mwembamba, mkimya kama mama yake. Alipokuwa hewani hata wabebaji walishusha magunia wakamtazama. Kocha alikuwa ameshawaahidi watoto kwamba mwaka huo patakuwa na mashindano. Vijana wa Mlowo, wa Vwawa na wa Msangano wangekuja Tunduma, pangekuwa na waamuzi, medali na magodoro ya kweli. Alichokuwa hana ni mtu wa kuyalipia. Alikuja stesheneri na barua aliyoiandika kwa mkono, nikaichapa kwa utaratibu wetu ule: "Yah: Ombi la udhamini wa mashindano ya jimnastiki kwa vijana. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nilipompa, akaishika kwa vidole viwili ili asiichafue, akaniuliza kama ningeweza kuongozana naye. "Wewe unajua kuzungumza," alisema. "Mimi nikiingia ofisini nanuka ghala."

Nikakubali. Siku hizi najiuliza kwa nini nilikubali haraka vile, na jibu la kweli si la kupendeza sana. Niliwapenda wale watoto, ndiyo, lakini nilipenda pia kuvaa sketi yangu ya kanisani siku ya kazi, kushika bahasha kubwa, na kukaribishwa kiti. Viti vyenyewe tulikalia vichache. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa sita tulizunguka kwa mawakala wa forodha, kwenye sheli, nyumba za wageni, maduka ya jumla, mpaka ng'ambo Nakonde kwa mfanyabiashara mmoja wa vitenge aliyetusikiliza kwa upole, akatupa chai, akasema watoto wa kwao nao wanahitaji. Nimesahau majina ya ofisi nyingi lakini vyumba vyenyewe navikumbuka. Nakumbuka benchi la wakala mmoja ambapo tulikaa kuanzia saa tatu hadi saa saba, na sauti yake ikipita juu ya ukuta wa mbao usiofika darini: "Wale wa sarakasi wamerudi? Waambie nimesafiri." Msichana wa mapokezi akatoka, akatutazama, akaona kwamba tumesikia, akasema hivyohivyo kwamba bosi amesafiri. Kocha akamwambia asante. Nakumbuka mwingine aliyeuliza kama watoto hao wangeweza kupiga sarakasi mbele ya baa yake mpya siku ya ufunguzi, hasa wale wasichana. Kocha akachukua bahasha yake mezani, na tulipofika nje akaifuta kwa mkono wa shati, kana kwamba imechafuka.

Mwezi wa saba tulifika kwa Mzee Sinkala. Alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka, chumba chenye harufu ya rangi, makochi yaliyobaki na nailoni zake, na runinga iliyowashwa bila sauti. Mkewe alikuwa amekaa pembeni anakula chungwa. Mzee alisoma barua yetu huku anaongea na simu, na nilimwona anaanza kuikunja. Hapo ndipo nilipotoa picha. Nilikuwa nimezipiga mwenyewe nyuma ya ghala, na ya juu kabisa ilikuwa ya Sekela akiwa amepumzika, amekaa juu ya kiroba, anatazama chini. Mama Sinkala akaichukua.

"Mbona mtoto huyu ana macho ya huzuni hivi? Ana wazazi?"

"Baba hana," nilisema. Hilo lilikuwa kweli, baba yake aliondoka na lori la kwenda Lubumbashi hakurudi tena.

"Na mama?"

Nilimtazama Kocha, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamtazama Mzee Sinkala, nikaona ameiondoa simu sikioni kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Si kweli kwamba neno liliniponyoka. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na nilifikiri. Nikasema, "Mama alifariki."

Mama Sinkala akaweka chungwa mezani. Mzee akaniuliza alifariki lini, nikasema mwaka juzi. Akauliza aliumwa nini, nikasema aliugua muda mfupi tu. Akauliza nani anamlea, nikasema mama yake mdogo, anauzia madereva chakula. Kila swali lilinikuta na jibu tayari, na ajabu ni kwamba sauti yangu ilikuwa imejaa machozi ya kweli. Mzee akasema yeye mwenyewe alimzika mama yake akiwa na miaka tisa, na kwamba hakuna mtu anayejua maana ya jambo hilo kama halijampata. Akasema atalipia ukumbi, medali na magodoro. "Lakini haya ya mtoto huyu hayamo kwenye barua," alisema. "Yaandike, niwaoneshe wenzangu." Tulipotoka tulitembea mpaka kwenye ghala, ndipo Kocha akasimama.

"Umesema nini mle ndani, Enesi?"

"Nimesema kile ambacho kingewafanya wasikilize. Ungenikataza pale pale."

"Ningekukataza," akasema, "ila watoto nimeshawaambia." Aliingia ghalani akabeba gunia ambalo hakuna aliyemwambia alibebe.

Jioni hiyo nilichapa barua mpya. Naikumbuka sentensi yenyewe mpaka leo: "Mtoto Sekela alimpoteza mama yake mzazi akiwa na umri wa miaka kumi na moja, na jimnastiki ndiyo faraja yake pekee." Nilibadilisha "faraja yake pekee" ikawa "faraja pekee aliyobaki nayo," kwa sababu niliona inasikika vizuri zaidi. Barua ile ilifungua milango ambayo miezi mitano tulikuwa tunaigonga bure. Mwenye sheli akatoa mafuta ya kuwaleta vijana wa Msangano. Duka la jumla likatoa mikate na soda. Wakala yule aliyekuwa amesafiri akatupokea mwenyewe mlangoni. Sikuwa hata na haja ya kuzungumza tena, niliwapa barua na picha, nikakaa, nikangoja nyuso zao zilegee. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba watu wakiguswa hutaka kumwona aliyewagusa. Mzee Sinkala alitaka kumpa mtoto zawadi kwa mkono wake siku ya mashindano, kwa hiyo ilibidi Sekela aambiwe, na Kocha aliniambia kazi hiyo ni yangu. Nilimwambia nyuma ya ghala, wenzake wakiwa wanakunywa maji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nisemeje?"

"Usiseme kitu. Ukiulizwa, itika, halafu sema asante."

"Na mama?"

"Mama hatajua. Ni siku moja tu."

Aliondoka, akaenda kwenye ukuta, akasimama kwa mikono. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa. Nilidhani amelipokea vizuri, mpaka nilipomsogelea nikaona kwamba machozi ya mtu aliyesimama kichwa chini hayapiti mashavuni. Yanapita kwenye paji la uso na kuingia kwenye nywele.

Wiki moja kabla ya mashindano, Mzee Sinkala alileta bango kutoka Mbeya bila kutushirikisha. Lilitundikwa juu ya barabara, mkabala na maegesho ya malori, mahali ambapo kila mtu wa Tunduma hupita. Ilikuwa ile picha ya Sekela, imekuzwa mpaka uso ni mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Juu yake paliandikwa "Tuwainue yatima wetu," na chini, kwa herufi nyekundu, "Sekela, miaka 13. Hana mama, ana kipaji." Mama Sekela hakujua kusoma. Alikulia kwenye milima ya Ileje akichunga ng'ombe wa kaka zake, na shule aliiona kwa mbali. Alichoona yeye ni uso wa mwanawe ukipepea juu ya barabara. Kwa siku nne aliwaonesha wateja wake wote. Aliacha mwiko chunguni, akatoka nje, akaelekeza kwa mkono mzima, na yule mwanamke asiye na maneno akasema, "Yule ni wangu. Yule pale." Wateja wengi walikuwa watu wa ng'ambo wasiosoma Kiswahili, wakampongeza. Wa hapa walisoma, wakatazamana, wakanyamaza. Mimi nilikwenda kula kwake siku zote nne. Nilijiambia nikiacha kwenda atashangaa. Siku ya nne aliniongezea kipande cha samaki ambacho sikuagiza, akasema, "Kula, mwanangu. Mmemfanyia Sekela jambo kubwa."

Siku hiyohiyo alikuwepo dereva mmoja wa Iringa, mgeni, mtu mnene mwenye sauti kubwa. Mama Sekela alipomwonesha bango, aliinuka na sahani yake mkononi, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kisha akageuka. "Sasa mama, mbona wanasema hana mama?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anauliza tu. Mama Sekela alilitazama bango kidogo, akarudi ndani, akamaliza kumpakulia mtu aliyekuwa anangoja mboga. Alipomaliza akafuta mikono kwa khanga, akaja kukaa mbele yangu.

"Enesi, wewe ndiye unayeandika. Nisomee."

Nikamsomea. Akasema nirudie, nikarudia.

"Nilikufa lini?"

"Mwaka juzi," nilisema.

"Kwa ugonjwa gani?"

"Niliandika tu kwamba uliugua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za jirani. "Miaka tisa nauza ugali hapa," akasema. "Hao wenye maduka wote vijana wao wamekula kwangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama mwanangu. Wamemtazama sasa, kwa sababu nimekufa." Nilianza kusema kwamba nitakwenda kwa Mzee Sinkala, nitaeleza, nitaomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akauliza, "Ukisema, mashindano yatakuwepo?" Nikasema sidhani. Akauliza wale watoto wa Msangano wanatoka mbali kiasi gani, nikamwambia. Akainuka, akachukua sahani yangu ambayo sikuwa nimeimaliza, akasema, "Basi mimi siku hiyo sitafika."

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa harusi, maua ya plastiki yakiwa bado yamening'inia kutoka sherehe iliyopita. Vijana wa Msangano walikuja juu ya lori la mpunga wakiimba, wakashuka weupe kwa vumbi. Magodoro yalikuwa mapya, na wale waliozoea viroba vya pumba walianguka mara mbili tatu kabla ya kuzoea ulaini ule. Yalikuwa mashindano mazuri, na hilo linaniumiza mpaka leo, kwamba yalikuwa mazuri kweli. Sekela alishinda kwa upande wa wasichana, bila ubishi. Mzee Sinkala akapanda jukwaani na kipaza sauti, akamshika bega, akasema mbele ya ukumbi mzima, "Mwanangu, mama yako huko aliko anakuona." Mama yake alikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu, anaosha masufuria. Sekela akasema, "Asante." Watu wakapiga makofi, wengine wakajifuta macho. Nikamtafuta Kocha Daudi nikamwona amesimama nje ya dirisha, amegeuzia ukumbi mgongo. Baada ya siku ile aliendelea kufundisha miezi miwili hivi, kisha watoto wakafika jioni moja wakakuta viroba vimepasuliwa na pumba zimetawanyika uani. Alikuwa amerudi kwao Itaka kulima. Hakuniaga, na sikumlaumu.

Lakini mambo hayakuishia kwenye medali. Kabla ya Krismasi, Mzee Sinkala na mkewe walikuja kibandani kwa gari lao. Walitaka kumsomesha Sekela shule ya bweni na kumlea kwao wakati wa likizo, na walikuja kumwomba ruhusa yule mama mdogo niliyewatajia. Mama Sekela alifuta benchi kwa khanga yake, akawakaribisha, akasikiliza. Mimi nilikuwepo, kwa sababu Mama Sinkala ndiye aliyenipitia ili niwaoneshe mahali. Nilikuwa naomba moyoni mtu yeyote aseme ukweli, mradi asiwe mimi. Mama Sekela akauliza kama shule ina mabweni ya matofali. Akauliza kama mtoto atapewa blanketi. Kisha akasema, "Marehemu angefurahi," na akakubali.

Walikuja kumchukua mwezi wa kwanza, asubuhi, mvua ikiwa imeacha madimbwi kati ya malori. Sekela alikuwa na sanduku la bati jipya na viatu vilivyokuwa vikubwa kidogo. Mama yake alimpa mfuko wa karanga za kukaanga, akamkabidhi kwa Mama Sinkala kwa mikono miwili, akasema, "Naomba mumlee kama wenu." Sekela alitembea mpaka kwenye gari, akashika mlango, akageuka. Wale wazee wawili walikuwa wanamtazama wakitabasamu. Akapiga goti kidogo, kama mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimeondoka."

"Marahaba," mama yake alisema. "Kasome."

Gari liliingia barabarani, likapita kati ya malori mpaka likapotea. Mama Sekela alisimama palepale na mkono wake bado umeinuka. Kisha akaniuliza, bila kunigeukia, kama Sekela amelisema vizuri. Sikuelewa anauliza nini.

"Hilo neno, mama mdogo," akasema. "Nilimfundisha mimi, siku tatu. Siku ya kwanza alikuwa analia tu. Sasa wewe uliyekuwa pembeni, ulivyolisikia, lilisikika kama la kweli?"

Nikamwambia ndiyo, lilisikika kama la kweli. Akaingia ndani kuwasha moto, maana madereva walikuwa wameanza kuamka.